Dhahabu ya Lori la Mjomba

Mjomba wangu alisema nisingeweza kufungua kopo la samli nikalifunga tena, sembuse injini. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wetu kumiliki lori pale Tunduma, na kwa hiyo alikuwa na kauli ya mwisho juu ya kila kitu chenye magurudumu. Mzee wa kanisa, yule aliyetusomea matangazo kila Jumapili, alisema kijana aliyeshindwa kusema Sala ya Bwana kwa Kinamwanga bila kuruka mstari hawezi kukariri kitabu kizima cha Kiingereza. Shangazi hakutaka maneno mengi. Alinishika mikono, akaigeuza, akasema, "Hii ni mikono ya kupukuchua mahindi, mwanangu. Usiipe kazi isiyoijua."

Ninaanza na hawa watatu kwa sababu ndio walionikopesha. Walinidharau kwa uangalifu mkubwa, kisha wakafungua mifuko. Mjomba aliuza mtamba wake mweusi ili, kwa maneno yake mwenyewe, nipate kushindwa vizuri. Mzee wa kanisa alitoa fedha ya kahawa yake ya Mbozi. Shangazi akauza ulezi.

Nilikuwa nimekuja likizo tu; fedha zao zilinifuata kwenye migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini, nilikokuwa nikiosha vyuma kwenye karakana ya malori. Wenzangu wa kwetu walituma nyumbani magodoro, baiskeli na mashine za cherehani. Mimi nilituma barua za kukopa. Nadhani katika historia yote ya vijana wa Tunduma kwenda migodini, ni mimi peke yangu niliyewafanya wazee wapeleke fedha upande ule. Nilikuwa nasoma ufundi wa injini kwa posta, chuo kikiwa Uingereza, mwalimu wangu akiwa bahasha. Masomo yalichukua miaka minne. Mwishoni nikapata diploma yenye muhuri mwekundu, ambayo hadi leo imetundikwa ukutani kwangu ikitazama mlango, ili mgeni aione kabla hajaniona mimi.

Nilirudi na diploma hiyo na sanduku la spana. Tunduma ilinipokea kwa heshima zote. Mjomba aliigeuza diploma juu chini, akauliza kama inaliwa. Mzee wa kanisa akaandika makubaliano: nikifikisha mavuno ya pili ya kahawa bila kuwalipa wote watatu, sanduku la spana litakuwa lao, waliuze wagawane. Nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri sana.

Nilijenga kibanda cha bati kando ya barabara. Kwa muda mrefu wateja wangu walikuwa baiskeli. Wenye magari waliendelea kuyavuta hadi Mbeya kwa mafundi wasio na diploma, na waliporudi walipita mbele ya kibanda changu wakipiga honi, kwa upendo.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Oili iliyotumika haikumwagwa. Dereva wa mjomba aliikinga ikiwa ya moto, akaiacha itulie kwenye chungu kizee, kisha akaichuja kwa kipande cha blanketi. Nusu ilirudi kwenye injini. Robo ilipakwa nguzo za nyumba ili mchwa waende kwa jirani, na iliyobaki ilikuwa ya minyororo ya baiskeli na bawaba za mlango wa kanisa. Kwa hiyo lori la mjomba lilikuwa likinywa oili ileile kama mtu anayekunywa chai ya majani ya jana, na hakuna aliyeona tatizo.

Siku moja, katika kuchuja, dereva akaona blanketi linameta. Chembe za manjano, nyembamba kama maganda ya mtama, zimeshika kwenye manyoya ya blanketi. Kwa bahati, nami nasema bahati kwa uchungu, siku hiyo shemeji yangu alikuwepo. Ameoa dada yangu, na alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Galula, mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa karibu sana kutajirika.

Shemeji aliinama juu ya lile blanketi, akakwangua chembe kwa ukucha. Kisha akamwita mjomba pembeni.

"Mzee, lori lako huwa linapeleka unga wapi?"

"Si Galula? Kwa wachimbaji wenzako. Unajua wewe."

"Na linapita kwenye vumbi?"

"Barabara ile kuna nini kingine?"

"Na injini inavuta hewa?"

Mjomba akamtazama. "Shemeji wa watu, sema unachotaka kusema."

"Vumbi la Galula lina dhahabu, mzee. Sisi tunaliosha kwa karai mchana kutwa. Lori lako limekuwa likilivuta miaka mitatu."

Walichofanya baadaye nilisimuliwa na dereva. Shemeji aliziosha chembe kwa maji ya majivu hadi mafuta yakatoka, akatoa kichupa chake cha zebaki, akamwaga tone kwenye bakuli, akakoroga. Zebaki ikazimeza chembe. Kwa wachimbaji wa Galula huo ndio ushahidi usio na rufaa: zebaki ikimeza, ni dhahabu. Kwamba zebaki humeza pia shaba, bati na risasi bila kubagua halikuwa jambo la kumsumbua mtu aliyekuwa tayari ameshajenga nyumba ya ghorofa kichwani.

Kuwa na dhahabu bila kibali cha serikali ilikuwa ni kesi, kwa hiyo wakaapa kunyamaza. Baada ya siku mbili Tunduma nzima ilijua, na ng'ambo ya mpaka pia.

Kisha wakafanya jambo ambalo chuo changu cha Uingereza, pamoja na hekima yake yote, hakikuwahi kulifikiria. Walilitoa chujio la hewa. Shemeji alieleza kwamba chujio ndilo linalozuia dhahabu isiingie. Lori likaanza kwenda Galula kifua wazi, likimeza vumbi kama ng'ombe kwenye chumvi. Na kila wiki wakamwaga oili na kuichuja ili wavune. Na kweli, mavuno yakaongezeka! Kila wiki chembe zilikuwa nyingi kuliko wiki iliyopita. Mjomba akaanza kuvaa kofia siku za kazi.

Niwatendee haki kwa jambo moja: kwa kuwa sasa walihitaji blanketi safi la kuvunia, walinunua oili mpya kila wiki. Oili hiyo mpya ndiyo iliyoiweka injini hai hadi nilipofika. Walikiokoa kwa tamaa kile walichokuwa wakikiua kwa tamaa.

Mjomba alinijia kibandani mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuja kuuliza ugonjwa. Alikuja kuuliza kama kuna namna ya kuifanya injini ivute vumbi zaidi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, wewe umesoma. Je, ukilitoboa bomba la hewa, halivuti zaidi?"

Nilimwomba anionyeshe hiyo dhahabu. Alisita, kisha akatoa mfukoni kipande cha blanketi kilichokunjwa mara nne, cha wiki hiyo. Nikachukua sosa nyeupe ya chai, nikakamulia blanketi humo, nikaongeza petroli kidogo, nikaitikisa hadi oili ikaachana na vyuma. Kisha nikapitisha sumaku chini ya sosa. Ilikuwa ya mashine ya cheche ya pikipiki moja iliyokufa. Chembe nyeusi, laini kama unga wa bunduki, zikaifuata sumaku kila ilikokwenda. Zile za manjano hazikusogea.

Nikamwonyesha. "Hizi nyeusi ni chuma, mjomba. Ni ringi za pistoni na kuta za silinda. Vumbi linazisaga kama jiwe la kunolea. Hizi za manjano ni shaba, ile iliyochanganywa na bati. Ndani ya injini yako kuna kitu kimoja tu cha shaba hiyo chenye kuweza kutoa chembe nyingi hivi: bushi, kipete kinachokaa kwenye kichwa cha mkono wa pistoni, na pini ikipita katikati. Kinalika. Kikiisha, pini italegea, mkono utakatika, na utatoka nje kwa kutoboa ubavu wa injini. Utaiona injini yako barabarani, vipande vipande. Usiende safari nyingine."

Mjomba akalikunja blanketi lake mara nne, akalirudisha mfukoni.

"Diploma imekufundisha wivu," akasema. "Wewe umekaa migodini miaka yote hiyo umerudi na spana. Lori langu limekaa barabarani limerudi na dhahabu. Unaumia."

Akaondoka. Ingekuwa injini ya mtu mwingine ningekaa kimya nisubiri mlipuko, maana mlipuko nao ungekuwa tangazo zuri. Lakini mavuno ya pili yalikuwa yanakaribia, na lori lile ndilo lililokuwa libebe kahawa ya nusu ya wakulima wa Mbozi, ya mzee wa kanisa ikiwemo. Likilala njiani, mjomba amekwisha, kahawa imeoza, na hakuna mtu atakayeleta gari kwa fundi aliyeona ugonjwa akashindwa kumshawishi hata mjomba wake. Sanduku langu la spana lingekwenda kugawanywa na watu waliopata hasara kwa kutonisikiliza.

Nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikamweleza. Mzee alikuwa na kahawa, kwa hiyo alisikia upesi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikutana uani kwa mjomba: yeye, mzee, shangazi, shemeji, dereva, na kadiri ya nusu ya waumini ambao hakuna aliyewaalika.

Mjomba alisimama kando ya lori. "Huyu anataka kufungua injini yangu. Mimi nasema sawa. Lakini kwanza aseme kitu gani kimeharibika, na kiko wapi, kabla hajagusa spana. Akikosea, asisubiri mavuno. Sanduku tunalichukua leo hii hii."

"Kijana," mzee akaniuliza, "umesikia? Unakubali?"

"Nakubali," nilisema, kwa sauti ya diploma.

Hapa niseme ukweli ambao sikuwaambia. Sikuwahi, kabla ya lile blanketi la mjomba, kutaja ugonjwa wa injini kwa kutazama oili yake. Kule migodini kazi hiyo ilikuwa ya bosi Mzungu. Yeye aliinama juu ya beseni, akasema neno moja, na mimi nikaliosha beseni. Nilichokuwa nacho ni macho yaliyochungulia juu ya mabega yake kwa miaka mingi, na somo la kumi na saba la bahasha. Nilikunja miguu ya suruali yangu nzuri ya kuendea kanisani.

Nilimwambia dereva awashe injini, aiache ingurume polepole. Tak, tak, tak, tak. Mlio mwepesi, wa juu, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko. Nilichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, nikaanza kuzima plagi moja baada ya nyingine kwa kuipitishia cheche kwenye chuma cha injini. Beringi kubwa ya chini ikilika, ukizima plagi ya silinda yake mlio unapungua. Bushi ya juu ikilika, ukizima, mlio unazidi. Unagonga mara mbili pale ulipokuwa ukigonga mara moja. Plagi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna.

"Anatekenya," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

Ya nne. Tak-tak, tak-tak, tak-tak.

Nikainuka. "Bushi ya pistoni ya nne. Imelika upande mmoja. Andika, mzee."

Mzee akaandika nyuma ya karatasi ya matangazo.

Sikufungua siku ile, kwa kuwa ilikuwa siku ya Bwana na mzee ndiye aliyekuwa akiandika. Jumatatu asubuhi nilianza. Ikafika saa nane mchana pistoni ya nne ikiwa mkononi mwangu, na umati uleule uani. Ibada hazikuwahi kuwavuta namna hiyo. Nilimpa mjomba mkono wa pistoni aushike, nami nikaitikisa pini. Ikacheza kama jino la mtoto. Nikaitoa. Bushi ilikuwa imebaki nene upande mmoja na nyembamba kama karatasi upande wa pili, na upande huo ulikuwa na nyufa.

Mjomba alilitazama pengo. Kila chembe ya manjano iliyokuwa kwenye mablanketi yake ilitoka pale.

Kwa kweli nilidhani tumemaliza. Nilisahau kwamba shemeji alikuwepo.

"Ahaa!" akasema. "Kumbe ndivyo! Vumbi halikuwa na neno. Wazungu wametia dhahabu ndani ya injini, wakatuuzia bila kujua!"

Watu wakaisogelea injini. Nilimwona dereva akiihesabu mikono mingine ya pistoni.

"Shemeji," nikasema, "una punje ya dhahabu yako, ile ya kweli, ya Galula?"

"Ninayo."

"Ilete. Shangazi, naomba jembe lako na makaa."

Shangazi alileta jembe lisilo na mpini. Tuliliweka juu ya makaa, nikaweka punje ya shemeji upande huu na kipande cha bushi upande ule, nikapuliza. Haikuhitaji Kiingereza. Punje ya dhahabu ilikuwa manjano ilipoingia motoni na manjano ilipotoka. Kipande cha bushi kikawa chekundu, kikapoa, kikawa cheusi kama mbegu ya papai.

Shemeji alikigeuza kile cheusi kwa kijiti. Kisha akaniuliza taratibu, "Na ile ambayo nimeshamuuzia mtu wa ng'ambo?"

"Alishalipa?"

"Alilipa nusu."

"Basi usivuke mpaka, shemeji."

Mjomba hakucheka. Alivua kofia, akajipepea nayo, akaniuliza swali la kwanza la heshima nililowahi kulisikia kutoka kwake. "Inatengenezeka?"

Ilitengenezeka. Bushi mpya zote sita na ringi zilitoka Mbeya, nami nikazikwangua bushi kwa mkono hadi pini ikapita kwa kusukumwa na kidole gumba, si kulegea, si kukaza. Chujio la hewa nililifunga mwenyewe, na nikakaza nati zake kwa nguvu zisizo za kitaalamu. Lori likabeba kahawa ya Mbozi msimu mzima, na halikulala njiani hata mara moja. Mjomba alinilipa ujira kamili, akilalamika kwa kila shilingi kwa sauti ya kutosha watu wasikie kwamba analipa.

Baada ya hapo nikawa daktari. Watu waliniletea oili kwenye chupa, kwenye vibuyu, kwenye makopo ya maziwa. Walitoka Ndalambo, walitoka Mbozi. Mfanyabiashara mmoja Mbemba alivuka mpaka na chupa iliyofungwa kwa gunzi, akanong'ona, "Mukwai," yaani bwana kwao, "ni dhahabu?" Nikaitia kwenye sosa, nikatikisa. "Hapana, mukwai. Ni beringi za krenki yako." Alisikitika sana. Nilitoza kutazama, nikatoza kufungua, na kwa wale waliobisha nikatoza kubishana. Magari yaliyokuwa yakinipigia honi yakaanza kusimama.

Mavuno ya pili hayajaisha nilikuwa tayari kulipa. Nilichagua siku ya Jumamosi ili kila mtu awe nyumbani. Nilivaa ile suruali ya kanisani.

Nilianza kwa mzee. Alizihesabu fedha, akaisoma karatasi ya makubaliano yote kwa sauti kama anasoma waraka wa Mtume, kisha akaandika "amelipa" mara tatu, moja kwa kila mkopeshaji. Nikamkumbusha kuwa wawili bado. "Basi nenda upesi," akasema, "usinifanye mwongo." Kwa mjomba nilipeleka mtamba mweusi, maana mtamba ndiye aliyemtoa. Alimzunguka, akamkandamiza mbavu, akamfungua kinywa, akasema wa kwake alikuwa mrefu zaidi. Nikamwambia wa kwake alikuwa amekonda, na mnunuzi wake yupo hai, tukamuulize. Akamfunga kwenye nguzo. Shangazi nilimpelekea fedha ya ulezi na gunia la ulezi juu yake. Alizipokea fedha kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, akaugeuza, akautazama. Ulikuwa na oili kwenye mistari ambayo sabuni haikuwahi kuifikia. "Unanuka," akasema, akaingia ndani kunipikia.

Nilipomaliza kula nilirudi nyumbani kwa barabara kuu. Tangu nirudi kutoka migodini nilikuwa nikipita nyuma, kwenye kijia cha makaburi ya misheni, nikidai kuwa ni kifupi. Si kifupi. Ila nyumba zote tatu za walionikopesha zilitazama barabara kuu, na ni vigumu kumsalimia mtu ambaye anakumbuka mtamba wake kila anapokuona. Jumamosi ile nilipita katikati ya barabara, taratibu, mikono nyuma. Kwa mjomba nilisimama nikasalimia kwa sauti hadi mtamba akageuka. Kwa mzee nilisimama tena.

"Shikamoo mzee!"

Alitoka barazani, karatasi bado iko mkononi. "Marahaba. Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, mzee," nikamwambia. "Napita tu."